Sura Yako kwenye Vikwembe vya Orkestra

Feza wangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Mimi siulizi, maana hali yako naisikia. Uko chumba cha pili unakunja nguo, unazikunjua, unazikunja tena, na shangazi yako anakuambia kwamba hilo sanduku halitafungwa hata mkilikalia wote wawili. Mimi niko karakana, nimeweka karatasi juu ya meza ya kuchapia. Utaniuliza: Papa, ukuta ni mmoja, kwa nini usije tu kusema? Kwa sababu nikifungua mdomo hutoka amri. Hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Nikishika kalamu, angalau mkono unachoka kabla ya ukali kufika.

Nikuambie kwanza lile jambo, kabla sijapata ujanja wa kulizungukazunguka. Musonda alikuja. Jumapili iliyopita, ninyi wa orkestra mkiwa kwenye mazoezi, alifika hapa nyumbani Kalemie kutoka Kabalo, akasema bado anakutaka uwe mke wake. Nikamfukuza, na sikukuambia. Shangazi yako naye hajui. Tangu siku hiyo nakula na wewe meza moja nikiwa na neno hilo tumboni, na kesho unapanda meli ya Kigoma pamoja na orkestra ukiamini kwamba kijana huyo alikutupa. Hakukutupa. Yuko Katanika kwa dada yake mpaka leo. Nimeulizia.

Basi, limeshatoka. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako kabla hujaamka. Meli haiondoki mpaka jioni na Katanika si mbali. Ukitaka kuacha kusoma hapa uende, nenda. Ukitaka kujua kwa nini baba yako ni mtu wa namna hii, vumilia kidogo.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala za chandarua, wala namna ya kujibu watu wa forodha. Hayo shangazi yako ameyasema mpaka kuku wetu wameyashika. Nataka kukuandikia habari za kazi yetu hii ya kuchapa nguo, maana ndiyo iliyokuumiza, na ndiyo pekee ninayoijua kiasi cha kuweza kusema ukweli ndani yake.

Ulikuwa bado unavaa unifomu ya shule orkestra ilipokuja hapa mara ya kwanza. Orkestra Mugebuka, jina la samaki; mji mzima ulicheka, kisha mji mzima ukacheza. Mimi nilikuwa nimetoka kiwanda cha vitambaa walipopunguza watu, sina kitu isipokuwa ujuzi wa rangi na fremu moja ya mbao ya kuchapia niliyoitengeneza mwenyewe. Shefu wa orkestra alitaka triko, fulana za kuwauzia vijana mlangoni siku za dansi. Nikachora samaki. Samaki mzuri kweli, na magamba yote, na jicho linalokuangalia. Nilijivuna utafikiri nimemvua mimi. Vijana walipozivaa, watu wa sokoni wakawauliza fungu ni bei gani. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Papa, hapa kila mutu anauza samaki. Andika jina tu, kubwa, watu wasome." Nikakuambia wewe mtoto, nenda ukasonge bugali. Wiki iliyofuata nikaandika jina tu, kubwa, na kila aliyelisifu nikamwambia ni wazo langu.

Umeona? Tangu zamani.

Lakini tulijifunza pamoja, hilo huwezi kuninyima. Tulijifunza kwamba triko nyeupe nyepesi zinazotoka Kigoma zinapendeza zikiwa mkononi, lakini mwimbaji akitoka jasho chini ya taa watu wanamhesabia mbavu. Ndiyo maana wewe ulipoanza kuimba nao nilikuchagulia ile nzito ya bluu, na hapo sikukosea. Tulijifunza kwamba maandishi yasipite juu ya mshono, maana mshono unakula herufi, na shati la mpiga ngoma lilisomeka "Orkestra Mbuka" mwaka mzima. Tulijifunza kwamba rangi nyekundu ya rahisi ikinyeshewa inahamia kwenye shati la jirani. Wewe ndiye uliyeamua wanaume wa orkestra wavae shimizi, mashati ya mikono mifupi, ya rangi moja, herufi ndogo juu ya mfuko, ili wakishuka jukwaani waonekane watu na si mabango. Nilibisha. Ulikuwa sahihi.

Kisha wakaja wale wamama wanaocheza mstari wa mbele kila Jumamosi, wakiongozwa na Mama Sifa, yule anayeuza samaki karibu na bandari. Walitaka kikwembe chao, kitenge cha kujifunga wakicheza. Walisema kama wakati wa maandamano watu wanavaa vikwembe vyenye sura ya Mkubwa wa nchi, kwa nini wao wasivae sura ya mtu anayewafurahisha? Na anayewafurahisha, walisema, ni Feza.

Unajua fundi anavyotetemeka akikata kikwembe cha Mkubwa. Sura ikae kifuani, au katikati ya mgongo. Isikatwe na mshono, isisimame kichwa chini, na zaidi ya yote isishuke pale mtu anapokalia. Kuna fundi mwenzangu aliitwa ofisini kueleza kwa nini mkono wa blauzi umekula jicho moja, akarudi amekonda. Sheria hizo mimi ndimi niliyewafundisha wenzangu. Nilizijua kama Baba Yetu.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Sikufikiri hata mara moja kwamba kikwembe cha kujifunga kiunoni si blauzi. Blauzi naikata mimi, naweka sura ninapotaka. Kikwembe mtu anajifunga mwenyewe, asubuhi, ana haraka, na mkono wangu haupo pale. Sura ya Mkubwa wanaifunga kwa uangalifu kwa sababu wanaogopa. Yako hakuna aliyeiogopa. Waliipenda tu, na kitu unachokipenda unakivaa unavyojisikia.

Lakini wewe uliliona. Ulisimama hapo mlangoni, ndoo mkononi. Nakumbuka kila neno, maana lile la hapana nilijifanya sikulisikia.

"Papa, sura hapana. Weka jina, ao weka gitari. Sura yangu itaenda wapi na hao wamama?"

"Itaenda mbali. Mpaka Manono, mpaka Kabalo. Mutu akiiona atauliza, huyu ni mutoto wa nani?"

"Njo kusema unataka watu wakuulizie weye."

"Nyamaza. Mimi njo fundi."

Ukaenda kuchota maji. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asiyesikia la mtoto huvunjika nini, labda kwa sababu waliosema walikuwa wakuu wenyewe.

Nikachukua picha yako ile ya shule, ndogo, nikaikuza kwa mkono. Nilipoanika kitambaa cha kwanza uani, ulikiangalia muda mrefu. Ukasema, "Papa, huyu hana macho yangu." Nikakujibu kwamba rangi imesambaa. Haikusambaa, mwanangu. Mimi sijawahi kusambaza rangi tangu nitoke kiwandani. Nitakuambia yalikuwa macho ya nani.

Kabla ya hapo, Musonda. Mlijuana safari ya Kabalo, mlipopiga kwenye sikukuu ya watu wa reli. Karani wa mizigo, mrefu, mpole, kijana anayengoja umalize kusema ndipo ajibu. Mara ya kwanza alipokuja kunisalimia nilidhani ni mzito wa akili. Sikuwa nimezoea kusikilizwa na mtu asiyeniogopa. Nilikuona unavyomwangalia ukidhani siangalii, nikafurahi, nikajifanya nimenuna kama baba anavyopaswa. Siku ilipopangwa mama yake atoke Moba na wajomba wawili waje kumaliza maneno ya mali, mahari yako, nilipaka nyumba chokaa mwenyewe.

Nilikwenda kuwapokea bandarini nimevaa abakosti yangu ya kijivu, ile suti isiyo na tai. Tukapita sokoni. Mama Sifa akatuona kwa mbali, akajua hao ni wakwe, akanyanyuka kwenye kiti chake kifupi kwa furaha, akageuka kuwachagulia samaki mnono wa kuwapa kama zawadi. Akatupa mgongo. Na pale, chini ya kiuno chake, palipoloa maji ya samaki na kugandiwa na magamba, ulikuwa uso wako. Mkunjo ulipita katikati ya mdomo.

Mama yake Musonda, ambaye mwanawe alikuwa ameshamwonyesha picha yako, alisimama. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Njo huyu mukwe wangu?" akasema. "Njo huyu mwenye kukaliwa mu soko?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angevua kofia akaomba msamaha. Mimi nikaanza kumfundisha. Nikamwambia, mama, hiyo ni heshima. Wamama hawa wanacheza kwa kuzunguka, kila mmoja anamwona mwenzake kwa nyuma, ndiyo maana wanaiweka nyuma, ili waimbe wakimwangalia. Na ni kweli, Feza. Mama Sifa aliniapia hivyo baadaye, akilia. Waliuweka uso wako pale ambapo wao kwa wao wanatazamana wakicheza. Hawakuwa na ubaya hata chembe.

"Heshima ya kukaliwa?" akasema yule mama. "Kwetu hata nguo ya mukwe haikaliwe. Weye, baba yake, umewapa watu uso wake wakalie."

Nikapandisha sauti. Nilisema maneno juu ya watu wa Moba ambayo sitayaandika hapa. Wajomba wakamshika mkono, wakageuka, wakangoja boti ya kurudi bila hata kuiona nyumba yenye chokaa mpya.

Kufika jioni mji mzima ulikuwa umeshakuambia. Ulikuja hapa karakana, ukasimama upande wa pili wa meza. Hukulia.

"Papa, nilikuambia hapana. Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Basi ju ya nini?"

Nikachukua raba ya kuvutia rangi juu ya fremu nikaanza kuisafisha, na ilikuwa safi. Ulingoja, kisha ukatoka. Tangu siku hiyo unaniambia "ndiyo, Papa" kwa kila ninalosema. Hubishi tena, hunicheki tena. Nimepigwa na maisha mara nyingi, lakini hakuna fimbo iliyonichapa kama hiyo "ndiyo, Papa" yako.

Leo nakujibu.

Mama yako, Mauwa, hakuwahi kupigwa picha. Unajua kwamba hatuna picha yake, lakini hukuwahi kuambiwa sababu; uliwahi kudhani zilipotea. Hazikupotea. Palikuwa na mpiga picha karibu na stesheni, na Mauwa alikuwa anataka sana twende, yeye na mimi na wewe mgongoni. Kila alipotaja nilisema tungoje Noeli, tungoje nikununulie kikwembe kipya, usiende kupigwa picha na hicho kilichopauka. Nilikuwa natoka kiwandani kila jioni na rangi za kila namna kwenye kucha, na mke wangu nikamwona hafai kupigwa picha kwa sababu ya nguo. Akaacha kuitaja. Homa ikamchukua kabla ya hiyo Noeli.

Ulipokuwa mdogo ukiniuliza alifananaje, nilikuwa nakujibu "kama wewe". Mdomo ni wake, shingo ni yake. Macho si yake. Macho yako ni yangu, madogo, ya ubishi. Yake yalikuwa makubwa, yamelala kidogo kwenye pembe, kama mtu aliyetoka kuamka na hajakasirika. Na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote: nilikuwa nimeanza kuyasahau. Naweza kukumbuka alivyotembea, alivyokohoa, alivyonisema. Uso ulikuwa unapauka kichwani mwangu mwaka baada ya mwaka, nami sina pa kwenda kuutazama.

Nilipokuwa nachora wako, mkono ulifika kwenye macho ukaenda wenyewe. Nikamwona. Feza, nilimwona, hapa juu ya meza, ananiangalia. Nililia mpaka nikaogopa shangazi yako atasikia. Kuanzia hapo hata ungesema hapana mara mia nisingesimama. Nilitaka asipotee tena. Nilimchapa kwenye vitambaa vingi nilivyoweza, nikafurahi kila kimoja kilipoondoka, nikisema huyu sasa yuko Manono, huyu yuko Nyunzu, hata nikifa yupo. Sikujiuliza kama wewe unataka kumbebea mama yako uso wake mbele ya watu. Ulikuwa hai, una uso wako, una mchumba wako, na mimi nikautumia uso wako kutengeneza kaburi.

Kwa hiyo Mama Sifa alipogeuka pale sokoni niliwaona wote wawili, wewe na mama yako. Nikamgombeza mgeni kwa sababu sikuweza kujigombeza mwenyewe mbele ya watu. Ndilo jibu. Limechelewa na halirudishi kitu, maji yakimwagika hayazoleki, lakini uliuliza na ulistahili kujibiwa.

Baadaye nilizunguka kwa wale wamama nikiwaomba vitambaa. Wengine walinirudishia, vimefuliwa na kupigwa pasi. Mama Sifa aliniletea chake amekifunga ndani ya kitambaa kingine, hakutaka hata kukishika wazi. Wengine walikataa kabisa. Mmoja aliniambia, "Papa, huyu ni mutoto wetu, hatumurudishe." Nikaondoka mikono mitupu.

Sasa habari ya Jumapili.

Musonda alipiga hodi akabaki amesimama, ingawa nilimwonyesha kiti. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la treni.

"Yambo, Papa. Mama alisema maneno imekwisha. Mimi sikusema. Feza ninamutaka bado. Nimekuja kumuomba yeye mwenyewe, na weye pia."

"Na mama yako?"

"Mama atakasirika. Kisha atachoka."

Nilikaribia kucheka. Kijana alijua mama yake kama wewe unavyonijua mimi. Kama ningecheka mambo yangekwenda vingine. Badala yake nikauliza, "Na orkestra?"

"Ju ya orkestra, Papa, mimi..."

Nikamkatiza hapo hapo. Nikasema, "Mutoto wangu hataacha kuimba ju ya mwanaume. Rudia treni yako." Alingoja, kama kawaida yake, aone kama nimemaliza. Akasema, "Nimesikia, Papa," akaondoka taratibu.

Siku ile nzima nilitembea kifua mbele. Nimemtetea mwanangu, nikajiambia. Nilipolala ndipo nikajiuliza, alitaka kusema nini? Labda alitaka uache kuimba. Labda alitaka uendelee. Labda alitaka kuomba kazi kwenye ofisi ya reli ya hapa Kalemie ili usihame. Sijui, na shangazi yako hajui, na mchungaji hajui. Neno lile lilikuwa lako, nikalikata likiwa bado mdomoni mwake, na mtu pekee anayeweza kulimaliza yuko Katanika.

Na nisikudanganye kwamba nilimkatiza kwa ajili ya sauti yako. Nilijiambia hivyo, lakini nimekaa nalo juma zima na najua si hivyo. Ukiolewa na Musonda baada ya yale yote, kila mtakapokuja kunitembelea nitakumbuka sokoni. Ukienda ng'ambo na orkestra, naweza kusimama kwa watu nikasema mwanangu ni msanii, yuko Kigoma, yuko Dar es Salaam, na triko walizovaa nimechapa mimi. Nilikuchagulia safari inayonipa mimi sifa. Mara ya kwanza nilichukua uso wako, mara ya pili nikachukua jibu lako. Nakuomba msamaha kwa yote mawili, kwa maandishi, ili nisiweze kukana.

Ukienda, watakuja watu na michoro. Ng'ambo wanapenda orkestra za Zaire, na penye orkestra hapakosi mtu mwenye fremu na wazo zuri. Watakuambia sura yako itauza, na watakuwa wanasema kweli. Sikuambii ukatae. Nakuambia uchukue hiyo nguo kabla haijachapwa, uivae, ukae nayo chini. Uiname kuchota maji. Ubebe mtoto wa mtu. Uache mwenzako akuangalie kwa nyuma akuambie anachokiona. Nguo inayochaguliwa mbele ya kioo huwa haijui kazi itakayofanya. Kisha uliza nani ataivaa nawe hupo, na kama jibu halikupendezi, sema hapana, na mtu akijifanya hakusikia, rudia kwa sauti ile unayoimbia. Mimi ungenipigia kelele, pengine ningezinduka. Wewe ulilelewa kuniheshimu, na heshima hiyo nimeitumia vibaya.

Triko za safari hii ziko kwenye bunda lililofungwa kwa kamba, karibu na mlango. Ni nzito, za bluu, zimeandikwa jina la orkestra na chini yake Kalemie, basi. Hakuna uso wa mtu.

Ukienda Katanika badala ya bandarini, usimwogope shefu wa orkestra. Atapiga kelele kwamba umemwacha na safari mkononi. Mwache aje apigie hapa, mimi na yeye tunajuana kwa kelele. Na yule mama wa Moba niachie mimi. Nitapanda boti niende mwenyewe, nitakaa chini mbele yake, nitasema lile nililopaswa kusema siku ile, na safari hii sitamfundisha chochote. Nitakwenda hata ukichagua meli. Hilo ni deni langu na yeye, wewe halikuhusu.

Ukimsikiliza Musonda mpaka mwisho na bado ukapanda meli, panda. Usiende kwa hasira kwangu, maana hasira huisha katikati ya ziwa na mtu hujikuta ng'ambo hana sababu. Nenda kwa sababu unataka kuimba. Na ukimfuata Musonda, usimfuate ili kunikomoa, wala ili kunifariji. Mfuate kama unamtaka.

Nimejaribu kuandika barua hii bila kuonyesha ninachotaka mimi. Ninacho, mimi si jiwe. Nimekiandika mara mbili kwenye karatasi nyingine na mara mbili nimeichana. Huwezi kukipata hapa hata ukisoma kwa taa.

Moyo wangu umevunjika, mama. Nakuita mama kama nilivyokuita ulipokuwa mdogo, maana katika nyumba hii ulikuwa mtoto na mama kwa pamoja, na nimekuchosha. Ningependa nikusindikize. Ningependa nibebe sanduku lako, nibishane na wapagazi, nikupungie mkono mpaka meli iwe nukta. Kila baba atakuwa pale kesho, na watu watauliza wa Feza yuko wapi.

Sitakuja. Nikija utaniangalia usoni, na uso wangu haujui kunyamaza. Utasoma ninachotaka, na kwa ile heshima yako utasema "ndiyo, Papa", na nitakuwa nimekuchagulia mara ya tatu bila hata kufungua mdomo. Kwa hiyo nitaondoka mapema, jua halijatoka, nifuate mto Lukuga mpaka mbali, nisisikie honi. Nitarudi usiku. Shangazi yako nitamwagiza kabla sijaondoka asiniambie ulielekea wapi mpaka nimuulize, na najua nitakaa kitambo kabla ya kuuliza.

Papa yako